Telefone, hesabu ya jioni na shamba la baba: maneno ya motari mmoja kwa wanachama

Maneno haya yalisemwa na mmoja wa motari wetu kwenye mkutano wa wanachama, baada ya ripoti ya kasha. Komite iliomba yaandikwe ili wasiofika na wafadhili wetu wayasome pia. Tumepunguza marudio tu, mengine tumeacha jinsi alivyosema.

Wamama, wababa, wakubwa kwa wadogo, jambo. Bwana prezida, asante kwa kunipa nafasi. Mama mutunza kasha, samahani, najua ripoti yako imechukua muda na watu wana njaa. Sitawashika mpaka usiku.

Mumesikia kwenye ripoti ile feza iliyotoka kasha mwaka huu kwa ajili ya matibabu ya mguu. Ripoti imesema "ajali ya barabarani" na haikutaja jina. Komite walinihurumia. Lakini kila mutu hapa anajua ni mimi, na yule mama mwenye mguu ameketi pale mustari wa pili, na fimbo yake. Kwa hiyo tusifichane. Ni mimi niliyemugonga, na feza ni yenu, na pikipiki ni ya mutualite, ile moja kati ya zile tulizopata nusu kwa michango yetu na nusu kwa wafadhili. Nilimuomba mama ruhusa ya kuongea habari hii mbele yenu. Akaniambia, "Ongea, lakini usiipambe."

Basi siipambi.

Ilikuwa asubuhi, nimetoka Baraka naelekea upande wa Uvira. Nimeshavuka daraja la Mutambala. Nyuma nimebeba baba mmoja na mufuko wa mchele, na kuku wawili ananing'iniza kwenye goti. Barabara kavu, hakuna mvua, hakuna ukungu. Nasema hivi kwa sababu watu wengi wananiuliza, "Ilikuwa mvua?" Hapana. Mwendo wangu ulikuwa kama kilometa 40 kwa saa, si ule wa kichaa. Mbele anakuja mutu wa baiskeli amebeba mihogo, na upande wa kushoto wa barabara kuna mama anatembea, beseni kwenye kichwa.

Telefone ilikuwa kwenye mufuko wa shati, hapa kifuani. Ikatetemeka. Ikanyamaza. Ikatetemeka tena. Mutu ananibipu. Mara ya tatu nikajua huyu ana shida, pengine ni mutoto anaumwa. Nikaachia mukono wa kushoto, nikaitoa, nikatazama jina tu. Sikupokea. Nasema tena, sikupokea! Nilitazama jina tu. Nilipoinua macho, yule wa baiskeli alikuwa ameshafika, anakwepa shimo, amekuja katikati.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo habari yangu inawahusu ninyi muliovuka ziwa kama mimi. Mimi nilijifunzia pikipiki kule Tanzania, kwenye barabara za kambi, Lugufu. Kabla ya pikipiki, baiskeli, tangu utoto. Kule kila kitu kinapita kushoto. Ukikutana na chombo usoni, mukono unavuta kushoto wenyewe, bila kuuliza kichwa. Hapa kwetu Congo tunapita kuume. Ninalijua hilo vizuri, nimeendesha hapa miaka mingi, siku zote napita kuume. Lakini ile asubuhi kichwa kilikuwa kwenye telefone, hakikuwa barabarani, na mukono ukafanya kile ulichofundishwa kwanza. Ukavuta kushoto. Mwenye baiskeli akapona. Mimi nikatoka barabarani upande wa kushoto, na mama alikuwa pale.

Yeye alikuwa amenipa mugongo. Alitembea kushoto ili aone vyombo vinavyomujia usoni, kama inavyotakiwa katika inchi ya kupita kuume. Kule kambini tulitembea kuume kwa sababu ileile. Yaani mama alikuwa ameshabadilisha kichwa chake, amerudi Congo kweli. Mimi mukono wangu ulikuwa bado Kigoma.

Mufupa wa mguu ulivunjika chini ya goti. Miezi minne hakulima. Unga wote ulimwagika, nao ulikuwa wa kuuza ili alipe shule. Baba niliyembeba alichubuka mikono. Kuku mumoja akakimbia, hatujamuona mpaka leo.

(Watu wanacheka. Mama mwenyewe anacheka.)

Na aliyebipu? Alikuwa ni mutu wa mutualite yetu. Alitaka kunikumbusha likelemba ya wiki ile. Simulaumu, maana hakujua niko barabarani. Lakini wekeni jambo hilo akilini, nitalirudia.

Nilipopewa pikipiki tena, na najua wengine kati yenu hamukukubali nipewe, niliomba kwanza nitafute kitu gani kinanitoa barabarani. Nikanunua daftari ndogo. Kila jioni kwa mwezi mzima, nikishaosha pikipiki, niliandika: leo akili yangu imetoka mara ngapi, imekwenda wapi. Mutoto wangu alidhani naandika madeni.

Nilifikiri nitaandika telefone tu. Kweli, telefone ilikuwa nyingi. Lakini hata nilipoizima, akili iliendelea kutoka. Ya pili kwa wingi ilikuwa hesabu ya jioni. Munajua kila siku motari anapaswa kuleta kiasi fulani kwa mama mutunza kasha kabla ya giza. Sasa saa nane mchana umepata nusu tu. Unaendesha, lakini unahesabu. "Nikipata abiria wawili wa Mboko, nitoe petroli, nitoe chakula…" Macho yako wazi, yanatazama barabara, lakini hayaoni kitu. Mbuzi akipita utamuona akishafika kwenye tairi. Watu wanadhani kukosa umakini ni macho tu. Hapana. Mutu anaweza kutazama mbele kabisa na asiwepo.

Halafu bariere. Ukikaribia kamba unaanza kutafuta karatasi kwa mukono mumoja, unapapasa mufuko, unapanga maneno ya kusema, unatafuta noti ndogo usije ukatoa kubwa. Wakati huo watoto wa shule wanavuka. Karibu na bariere ndipo watu wanajaa, wanauza maandazi, ndizi, ndagala. Kumbe ndipo unapohitaji macho zaidi, na ndipo unapoyakosa.

Abiria nao. Kuna anayeshikilia bega lako na kukuuliza habari za ukoo wako mpaka babu wa babu. Kuna anayeongea na telefone yake kwa sauti ya kugombana na mukewe, na wewe unataka kujua ulivyoisha ule ugomvi. Niliandika siku moja: "Nimepita shimo kubwa sikuliona, nilikuwa nasikiliza mambo ya mahari ya watu."

Na kuna kimoja nilichoandika mara nyingi na nikakiona haya. Kila siku napita mbele ya shamba la baba yangu. Munajua habari yake, komite ilishakaa na shefu mara ngapi. Tulipokimbia tuliliacha, tuliporudi tukakuta mwingine amejenga. Kila nikipita nageuza kichwa. Nahesabu miembe. Natazama kama wamekata moja. Ule mwezi niligundua kwamba sijawahi kupita pale bila kugeuka, hata mara moja, hata nikiwa nimebeba mama mujamuzito. Nikauliza motari wengine wanaorudi kama mimi. Kila mumoja ana pahali pake. Mwingine ni pale nduguye alipouawa. Mwingine ni nyumba waliyobomoa. Barabara yetu ya taifa namba 5 imejaa sehemu za kugeuza shingo. Hakuna mutu wa usalama barabarani aliyetufundisha hilo, na sidhani liko kwenye kitabu chochote.

Sasa niwaonyeshe kitu. Nimeleta kamba ya wavuvi, nimeipima kwa hatua na kwa meta ya fundi. Mutoto, shika hapa, kimbia nayo mpaka iishe. Endelea… endelea… Basi. Munaona amefika wapi? Amepita muembe, yuko karibu na choo. Hiyo ni meta 33. Pikipiki ikienda kilometa 40 kwa saa, kila sekunde moja inakula meta 11. Nilitazama telefone kwa sekunde tatu hivi, kuitoa, kusoma jina, kuinua macho. Ile kamba yote nilitembea nikiwa kipofu, na mutu mzima nyuma yangu. Ungekubali nifunge macho kwa kitambaa kutoka meza hii mpaka choo, na wewe umekaa nyuma? Ukienda 60, sekunde tatu zinakula meta 50, na kamba ile haitoshi.

OMS, Shirika la Afya Duniani, wanasema mwenye kutumia telefone akiendesha anaongeza hatari ya ajali kama mara nne. Na wanasema kuweka nyuzi masikioni ili mikono iwe huru hakusaidii sana, kwa sababu kinachotoka barabarani ni akili. Vijana wetu hilo hawalipendi. Wanasema, "Yaya, mikono yangu yote iko kwenye usukani." Mikono ndiyo. Walisema pia kwamba kila mwaka watu karibu milioni moja na laki mbili wanakufa barabarani duniani, na zaidi ya nusu ni watembea kwa miguu, wa baiskeli na wa pikipiki. Yaani ni sisi. Ni watu wa mutualite hii.

Wengine mutauliza, je, sheria? Sheria yetu ya barabara ni ya mwaka 1978. Siku hizo hakuna mutu aliyekuwa na telefone mufukoni. Tusingojee polisi wa rulaje atufundishe.

Nini kimenisaidia? Sitasema mambo yote, nasema yale niliyojaribu mwenyewe.

Telefone, nilijaribu kwanza kuiweka bila sauti mufukoni. Haikufaa. Ikitetemeka kifuani ni kama mutu anakugusa moyo. Nikajaribu kumpa abiria apokee. Mbaya zaidi! Anapokea, halafu anakuuliza sikioni, "Anasema uko wapi? Anasema utafika saa ngapi?" Sasa unaongea na watu wawili. Kilichofaa ni kuizima na kuifungia chini ya kiti, pahali ambapo siwezi kuifikia bila kusimama na kushuka. Nina vituo vyangu vya kusimama, ninavyovijua, nje ya barabara kabisa, si pembeni ya lami au ya vumbi ambapo lori linapita. Nikifika hapo nafungua, nasoma, najibu, nafunga. Mutaniambia nitapoteza abiria. Wiki ya kwanza nilipoteza, ni kweli. Baadaye wateja wangu walizoea, wananiandikia "nipigie ukifika", na wanangoja. Mama mumoja muuza mikeke aliniambia sasa ananipenda zaidi, kwa sababu samaki wake wanafika wote.

Upande wa kuume na wa kushoto, hili ni la wale waliojifunzia Tanzania. Nimefunga kitambaa chekundu kwenye kioo cha kuume. Muliniona mukacheka, mukasema ni dawa. Si dawa. Kila nikipanda, kabla ya kuwasha, nagusa kile kitambaa na kusema, "Hapa." Kitambaa hakiendeshi pikipiki, lakini asubuhi mukono unahitaji kukumbushwa kabla haujaogopa. Ukishaogopa, umechelewa. Mutu aliyerudi juzi na anataka kazi ya motari, ninaomba asipewe abiria mpaka amezunguka na mumoja wetu siku nyingi, hata kama anaendesha vizuri sana. Wanaoendesha vizuri ndio mikono yao imekomaa kwa kushoto.

Abiria, nawaambia mapema, kabla hawajapanda: "Mama, nikinyamaza njiani si kiburi. Tutaongea tukifika." Wengi wanaelewa. Kwa mukubwa mwenye heshima ni ngumu, maana kwetu huwezi kumunyamazia muzee. Njo maana namuambia mbele, ili nisimuvunjie heshima baadaye. Mizigo nayo, sibebi tena kitu chenye uhai kisichofungwa. Kuku anayepiga mabawa anavuta macho kuliko telefone.

Kwenye shamba la baba, bado sijashinda. Nisiwadanganye. Nilijaribu kujikataza kutazama, na ndivyo nilivyotazama zaidi. Sasa, nikiwa peke yangu, Jumamosi jioni, nasimama pale, nazima, natazama mpaka nimeshiba, nahesabu miembe yangu yote, halafu naondoka. Siku nyingine zote ninajiambia, "Jumamosi." Inapunguza. Haimalizi.

Sasa niko na maombi mawili, na haya si ya motari tu, ni yenu.

La kwanza. Nilitazama zile namba zilizonipigia ule mwezi nikiwa njiani. Nyingi hazikuwa za abiria. Zilikuwa za nyumbani kwangu na za mutualite. Katibu, mama mutunza kasha, baba wa kamati ya ardhi, na mimi mwenyewe nimewahi kuwapigia motari wengine nikiwa nimekaa kwenye kivuli. Sisi wenyewe tuliotoa michango ya kununua pikipiki ndio tunaowatoa motari barabarani. Naomba tukubaliane: ukimupigia motari na akapokea, neno la kwanza ni "Uko barabarani?" Akisema ndiyo, ukate. Hapo hapo. Hata kama ni habari ya kufiwa. Aliyekufa atangoja nusu saa, asipate mwenzake. Na kubipu mara tatu tuache kabisa, kwa sababu kule njiani bipu tatu zinasomeka kama mutoto anakufa.

Wafadhili wetu mutakaosoma haya kwenye gazeti letu, hata ninyi, kwa heshima. Wakati mwingine munaomba picha ya pikipiki ikiwa kazini, na muomba anataka leo, sasa hivi. Kuna siku nilitaka kuipiga nikiwa naenda, ili ionekane kweli inafanya kazi. Mutuombe, tutaleta, lakini tuleteeni nafasi ya kusimama.

La pili ni gumu zaidi na najua mama mutunza kasha atanijibu. Naomba hesabu iwe ya wiki, Jumamosi, isiwe ya kila jioni. Jumla ibaki ileile, siombi kupunguziwa hata franka moja. Lakini siku moja mbaya isinifanye nihesabu barabara nzima. Siku ya soko nitafidia siku ya mvua. Kila saa nane mchana ninapoanza kuhesabu, mama yule wa mustari wa pili anatembea pembeni ya barabara, yeye au mwenzake.

Najua hofu yenu. Munaogopa motari atakula feza ya siku sita halafu Jumamosi atasema pikipiki iliharibika. Imeshatokea, na aliyefanya hivyo tunamujua. Mimi sina jibu kamili. Ninapendekeza kila motari apewe kitabu chake, aandike mapato kila jioni, akionyeshe bila kulipa, na alipe Jumamosi. Anayekosa mara mbili arudi kwenye hesabu ya kila siku. Tujaribu kwa miezi mitatu na pikipiki yangu peke yake. Ikishindikana, hasara iwe yangu, nimeshazoea kudaiwa na mutualite hii.

Deni la mguu bado nalipa. Mama mutunza kasha atawasomea kiasi kilichobaki mukitaka, sina cha kuficha. Bwana prezida, nimemaliza kwa upande wangu. Mama ameinua fimbo, ana neno, naomba mumusaidie asimame. Hapana, mama, keti, tutakuja na kiti chako mbele.

Mwisho wa maneno ya motari. Mama aliongea kwa muda mufupi na aliomba jambo moja: njia ya miguu ifyekwe pembeni ya barabara karibu na shule, kazi ya mikono ya Jumamosi. Wanachama walikubali. Juu ya hesabu ya wiki, mutunza kasha aliomba muda wa kufikiri, na jambo litarudi kwenye mkutano ujao. Kamba ya meta 33 iko ofisini, motari yeyote anaweza kuja kuiona.